Njegere Zilizompita Bi Zainabu

Siku ninayoikumbuka kuliko ninavyopenda, mwanangu, ilitokana na maandazi manne niliyonunua Mwembesongo, mtaa wa mjini chini ya mlima wetu, yakiwa yamefungwa kwenye ukurasa wa gazeti. Maandazi niliyala njiani nikipanda mlima kurudi nyumbani. Ukurasa nikabaki nao. Laiti ningekula ukurasa nikatupa maandazi, mama yangu angelala pazuri miezi ile.

Nilikuwa likizo, mwaka wa pili chuo kikuu, nasomea uchumi. Ilikuwa ile miaka ya ruksa. Maduka yaliyokuwa na sabuni ya aina moja, tena kwa foleni, sasa yalikuwa na aina saba, na kila moja iliapa kwamba povu lake halina mpinzani. Kampuni za soda zilipigania koo zetu hadi watu wazima wenye heshima zao wakawa wanainama barabarani kuokota vizibo, wakitafuta zawadi chini ya plastiki ya ndani yake. Magazeti mapya yalizaliwa kila kukicha, na kila moja lilikuwa na ukurasa wa biashara. Mimi niliusoma ukurasa huo kwa unyenyekevu ambao sikuwahi kuuonyesha msikitini. Nilikuwa na msemo mmoja, "nguvu ya soko", nao niliutia kwenye mazungumzo yote, hata ya posa.

Ukurasa wa maandazi ulisema kwamba Dar es Salaam njegere zimeadimika. Mvua imekata barabara za Lushoto, mahoteli mapya yanazitaka, wanunuzi wanagombania magunia, na bei imepanda mara mbili ya kawaida. Mafuta yalikuwa yamelowesha kona ya juu, pale panapokaa tarehe, pakawa peusi. Kona sikuijali. Mwenye njaa hamwulizi mpishi kapika lini.

Nyumbani, juu kule mlimani, njegere za mama zilikuwa zimekwisha chumwa, zinangoja alfajiri. Na safari hii hazikuwa njegere za chumvi na mafuta ya taa. Mdogo wangu Mwanaidi alikuwa amechaguliwa kwenda sekondari ya bweni, msichana wa kwanza kitongojini kwetu, na barua ya shule ilitaka aripoti Jumatatu na tranka la bati na godoro. Ilikuwa Alhamisi. Tenga lile moja ndilo lililotakiwa kugeuka tranka na godoro.

Sasa nikueleze desturi yetu, maana bila hiyo hutaona ubaya wa nilichofanya. Wanawake wa kwetu walishuka na matenga kichwani hadi chini, kwenye kivuko cha mto, mahali mlima unapoishia na mji unapoanza. Hapo alisimama mnunuzi wao, Bi Zainabu wa Mwembesongo, mama wa makamo, mrefu, mwenye mikono mipana kama sinia. Tenga lililojaa huwezi kulitua peke yako, litamwagika. Kwa hiyo Bi Zainabu alinyoosha mikono, akamtua kila mama mzigo wake, mmoja baada ya mwingine, ndipo wakazungumza bei. Aliyekutua ndiye mnunuzi wako. Hakuna mkataba wala sahihi. Njegere zilipokuwa nyingi hadi hazina mwenyewe, alizichukua zote, hata za mwisho. Zilipoadimika, hakuna mama aliyempita. Malaika hakuwa, alijua kukunja uso na kusema "mbona changa hizi" ili apunguziwe, na mama alijua kwamba anajua. Lakini kila alfajiri alikuwepo.

Niliwasomea wanawake sita wa kitongoji chetu, mama akiwa mmoja wao, gazeti langu, jioni ile, uani kwetu. Nikawaambia tusiishie mtoni, tupitilize hadi Msamvu, kwenye malori yaendayo Dar.

"Na Bi Zainabu?" mama akauliza.

"Mama, mkulima mwenye mnunuzi mmoja hana tofauti na mtumwa." Niliinakili sentensi hiyo darasani, na nilikuwa nimengoja muda mrefu mahali pa kuitumia.

Jirani yetu Mama Kibwana, ambaye ulimi wake haukuwahi kupata likizo, akasema, "Miaka kumi na minne natuliwa tenga na yule mama, kumbe niko utumwani. Asante kwa kunijulisha, baba."

Wenzake wakacheka. Mama hakucheka. Aliitazama barua ya Mwanaidi iliyochomekwa ukutani, kisha akanitazama mimi. "Haya," akasema. "Wewe ndiye uliyesoma."

Mwanangu, kama kuna siku mtu atakuambia maneno hayo, kaa chini kwanza. Ni mzigo mzito kuliko tenga.

Alfajiri tulishuka. Ukungu ulikuwa mzito, na kila mmoja alisikia pumzi za mwenzake. Tulipokaribia mto nilimwona Bi Zainabu amesimama mahali pake, kanga begani. Mama ndiye aliyetangulia. Bi Zainabu akanyoosha mikono.

Mama hakusimama.

Alipita, shingo imenyooka, macho mbele, akasema tu, "Umeamkaje, mwenzangu." Nyuma yake wakapita wa pili, wa tatu, hadi wa sita. Mikono ya Bi Zainabu ilibaki hewani kwa muda ambao mpaka leo sijui ulikuwa mrefu kiasi gani. Kisha akaishusha, akajifunga kanga upya.

"Shingo za leo haziumi," akasema. Hakumwambia mtu. Mimi nilikuwa wa mwisho, mikono mitupu, gazeti mfukoni. Nilisahau hata kumpa shikamoo.

Msamvu tulifika jua linachomoza. Malori yalikuwepo, mwanangu, tena mengi, na nikavimba kichwa. Nilimwendea dalali mmoja mwenye kofia ya kitambaa, nikamtajia bei ya gazeti. Alinitazama kwa upole wa kuudhi.

"Kaka, ondoa turubai la lori lile uone."

Niliondoa. Njegere. Nikaenda la pili. Njegere, magunia juu ya magunia.

"Za Lushoto," akasema. "Barabara imefunguka. Waliokuwa nazo wamezileta zote kwa pamoja, kila mtu kasikia kuna bei. Kariakoo zimefurika, ndiyo maana hizi zimeletwa huku. Nikusaidie, nikupe robo ya hiyo unayosema?"

Nilikataa. Kumbuka nilikuwa nasomea uchumi. Niliwaambia akina mama kwamba huyo ni dalali, kazi yake ni kutisha, wenyewe wanunuzi wako nyuma. Tukangoja. Saa tatu alikuja mwingine, akataja bei ya chini ya ile ya kwanza. Saa tano hakuja mtu. Jua la Msamvu halina kivuli cha kukopesha, na njegere mbichi ndani ya tenga zina tabia mbaya: zinapata joto zenyewe kwa zenyewe, kutoka katikati, huku juu zikionekana nzima. Mama aliingiza mkono hadi kiwiko, akautoa, akaunusa. Akaomba maji kwenye kibanda cha chai, akanyunyiza. Baada ya muda akaingiza mkono tena. Sikuthubutu kuuliza.

"Msomi," Mama Kibwana akaniita, amekaa juu ya kata yake ya kanga, ile inayowekwa kichwani chini ya mzigo. "Huyo Nguvu ya Soko, anakuja na basi la saa ngapi?"

Safari hii hakuna aliyecheka.

Saa saba wanne kati ya wale sita waliuza kwa bei ambayo naona haya kuitaja, ili wawahi kupanda mlima. Mama Kibwana akawafuata. Mama alibaki. Alikaa akitazama malori yakiondoka, kisha akainuka, akaokota kata yake, akanipachika mimi kichwani.

"Tunakwenda Mwembesongo," akasema. "Nilishuka nalo mimi. Sasa beba wewe."

Kutoka Msamvu hadi Mwembesongo si mbali kwa mwenye mikono mitupu. Kwa kijana wa chuo kikuu aliyetwikwa tenga, shati lake jeupe limelowa maji ya njegere, ni nchi nyingine. Vijana waliokaa nje ya kinyozi, niliokuwa nikiwapita kwa maringo wiki nzima, walinipigia mluzi. "Oya msomi, chuo kimefungwa?" Sikuweza hata kugeuka. Shingo ilikuwa inatetemeka, na nilikuwa na hofu moja tu: je, atanyoosha mikono?

Tulimkuta kwenye meza yake, anapanga mafungu ya bamia.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba." Akaendelea na bamia. Mama alisimama pembeni. Mimi nilisimama mbele yake na tenga, na kulitua peke yangu siwezi.

"Mmetoka wapi na mzigo jua lote hili?"

"Msamvu, mama."

"Msamvu kuna nini?"

"Gazeti lilisema..."

"Nilione."

Mikono yangu ilikuwa juu. Mama ndiye aliyelichomoa mfukoni mwangu, akampa. Bi Zainabu hakulisoma. Alilinusa, akalisugua kwa kidole gumba.

"Maandazi ya pale kona," akasema. "Mume wa anayeyapika hununua magazeti makuukuu kwa kilo. Haya ya safari hii ni ya mwezi uliopita, nilikuwepo yalipopimwa. Baba, ulinunua maandazi. Habari ulifungiwa bure."

Akapanga fungu jingine.

"Juzi dereva wa Lushoto aliniambia njia imefunguka. Nikajua bei itaanguka leo au kesho. Nikasema nikawahi mtoni, nichukue zote kwa bei ya jana, nizifikishe hotelini kabla hawajasikia. Hilo ndilo nililokuwa nalo mkononi asubuhi. Ulijua?"

"Sikujua, mama."

"Hukuuliza. Kutafuta bei nzuri si kosa, hata mimi natafuta. Lakini mngesimama. Mngetua mzigo, mkaniambia, Bi Zainabu, tumesikia huko bei imepanda, unasemaje? Nani angewala? Mmenipita kama nguzo."

Shingo yangu ilikuwa imekwisha. Jasho liliingia machoni, na sijui kama lilikuwa jasho peke yake. Ndipo alipoinuka, akanyoosha mikono ile, akanitua.

Alimwaga njegere juu ya gunia, akazichambua yeye na mama. Mbichi upande huu, zilizogeuka njano upande ule. Milima miwili ilikuwa karibu sawa. Akanunua zile mbichi.

"Hii ndiyo bei ya sasa hivi," akamwambia mama. "Sijakuongezea wala sijakuadhibu. Ila mtoni msimu huu sitakuja tena."

"Najua," mama akasema.

Fedha ile ilitosha tranka. Jumatatu Mwanaidi aliondoka na godoro la mama, la sufi, limekunjwa na kufungwa kamba ya katani. Mama alilalia mkeka hadi mvua za vuli zilipokwisha, na asubuhi nilimsikia akinyoosha mgongo kabla hajasalimia mtu. Wale wanawake sita msimu mzima walibeba matenga yao hadi mjini kabisa, wakizunguka kutafuta wa kuwatua, na hakuna aliyenilaumu mbele yangu. Nilirudi chuoni. Kwenye mtihani swali la kwanza lilihusu habari na bei katika soko huria, nami nikapata alama za juu. Mhadhiri aliandika pembeni kwamba ninaelewa vizuri.

Msimu uliofuata njegere zilizaa hadi mbuzi wakazisusa. Alfajiri moja mama aliposhuka alimkuta Bi Zainabu mtoni, kanga begani. Alinyoosha mikono tu.

Sasa, mwanangu, simu yako inakuletea bei ya Kariakoo kabla hujapiga mswaki. Kampuni zinakugombania, leo huyu kapunguza, kesho yule kaongeza zawadi, na wewe unahama unahamia. Sikukatazi. Nimepanga foleni ya sukari, najua kukosa pa kuchagua ni nini, na sitaki uirudie njia ile. Lakini habari ya faida ikikufikia, uliza imetoka lini, na uliza imepita kwa nani kabla yako. Ukiona imekufikia wewe uliyeko mlimani, ujue waliopo bondeni walishaifungia maandazi. Na ukitaka kumwacha mnunuzi, au muuzaji, au mwajiri uliyezoeana naye, simama kwanza. Tua mzigo, mwambie ulichosikia, umpe nafasi ya kukujibu. Akishindwa, nenda, hakuna atakayekulaumu. Wazee walisema usiache mbachao kwa msala upitao, na mimi kwa ukaidi wangu naongeza: kama lazima uuache mkeka wako mkuukuu, uukunje vizuri, usiukanyage.

Mama hayupo tena. Mwanaidi ana wajukuu, na godoro lile, anasema, hakuwahi kupata usingizi mzuri kuliko juu yake, jambo ambalo kila akilisema mimi hutazama pembeni.

Nakuombea, mwanangu, Mungu akujaalie shingo ngumu na mzigo unaoweza kuubeba. Akufikishe sokoni mapema. Na popote utakapofika umechoka, usikose wa kunyoosha mikono akutue.