Mpangaji wa Chumba cha Tano

Mdogo wangu ni kinyozi, na kichwa chake ndicho kigumu kuliko vyote alivyowahi kuvinyoa. Alipofika miaka ishirini na saba, baada ya kujinyima mpaka mashavu yakaingia ndani, alinunua nyumba ya vyumba vitano kwa mkopo wa benki. Hesabu yake ilikuwa nzuri, siwezi kumnyima haki: apangishe vinne, kodi ilipe mkopo, yeye ajibane kwenye cha tano, kile cha kando ya choo. Lakini aliogopa wapangaji wakimzoea watamgongea mlango kila bomba likivuja. Basi akawaambia mwenye nyumba yuko ng'ambo, na yeye ni mpangaji tu kama wao, aliyepewa kazi ya kukusanya kodi. Siri hiyo alinipa mimi peke yangu, tena akaniapisha.

Mama yetu alikuwa amehama nyumba za watu mara kumi na moja, na kabati lile lile mkokotenini. Hakuwahi kutaka makubwa. Alitaka kulala mahali ambapo hakuna wa kumwambia toka. Alipoanza kuugua kifua, mdogo wangu akamleta kwake, akampa kitanda, yeye akalala chini.

Siku ya kwanza tu, fundi cherehani wa chumba cha mbele alimpasha mama habari zote.

"Huyo mwenye nyumba wetu hana huruma hata chembe, mama. Paa linavuja mwaka wa pili huu, na kodi anapandisha!"

Mdogo wangu alikuwa pale pale akiosha vyombo. Akaitikia, "Ni mtu mbaya kweli."

Mama akaamini. Hakufungua hata furushi lake la nguo. Akikohoa, anaziba mdomo kwa mto. Akitaka kutoka uani, anachungulia kwanza. Siku moja akaninong'oneza, "Akijua tumekuwa wawili humu, si atamfukuza mwanangu?" Nilimvuta mdogo wangu nje.

"Mwambie mama nyumba ni yako!"

"Dada, kwani mama humjui? Nikimwambia asubuhi, mchana uani kote wanajua. Mkopo umebaki miezi minane tu. Vumilia."

Nikavumilia, mjinga mimi. Wiki ya tatu mama akaaga, akasema amepata nafuu. Uongo mtupu. Alirudi kwenye chumba chake cha kupanga ili mwanawe asifukuzwe, na huko ndiko alikofia miezi miwili baadaye. Siku ya tatu baada ya mazishi, mwenye nyumba wake akatutaka tuondoe kabati.

Tulipolifikisha kwa mdogo wangu, wapangaji wote walitoka kutupa pole. Fundi cherehani akamnyooshea bahasha.

"Hii ni barua ya kumpelekea mwenye nyumba. Tumemwomba asikudai kodi mwezi huu, maana umefiwa na mama. Sote tumetia sahihi. Mfikishie, ndugu yetu."

Akaipokea kwa mikono miwili. "Nitamfikishia," akasema.

Nami nilinyamaza, kama nilivyonyamaza mama akiwa hai. Sijamsamehe mdogo wangu, wala mimi mwenyewe sijajisamehe. Aliingia chumba cha tano, akafunga mlango. Kabati la mama lilibaki uani, kwa sababu mle ndani halikuenea.