Uwanja Tuliopima kwa Kamba ya Katani

Wiki jana binti yangu alirudi na daftari la hesabu lenye kosa kubwa jekundu. Swali lilisema: pima mzingo wa uwanja wa shule yenu. Naye, kwa mwandiko safi kabisa, alikuwa amejibu, "Shule yetu haina uwanja." Kosa! Rafiki yangu, hasira zilinipanda hata chai ikanishinda kumeza, maana shule hiyo ndiyo niliyosomea mimi, hapa hapa Kaloleni, na uwanja tulikuwa nao.

Tena uwanja wa haja. Mwalimu wetu wa hesabu alikuwa mtu wa viatu vilivyoliwa visigino, na kipimo cha ubaoni hakukiamini. Tukishakunywa uji wa saa nne, anatutoa nje. Darasani tulichechemea na Kiingereza. Nje aliturudishia Kiswahili, na ghafla kila mtu akawa na akili. Chombo chetu kilikuwa kamba ya katani aliyoisokota nyanya yangu, Mkamba asiyejua kukaa mikono mitupu. Tuliipiga fundo kila mita. "Kisia kwanza, ndipo upime," mwalimu alizoea kusema, na aliyekisia ovyo alizomewa na darasa zima huku treni ikinguruma kule nyuma. Tulipima mzingo, tukapima eneo, tukatengeneza pembe mraba kwenye kona: mita tatu huku, nne kule, tano za kuziunganisha.

Siku moja tuliisahau kamba nje, ikanyeshewa usiku kucha. Asubuhi kupima, lo! Uwanja umeongezeka. Haki ya nani, tulishangilia kama tuliopewa shamba. Mwalimu alicheka hadi akaketi nyasini. "Uwanja haujanenepa, nyinyi! Katani ikilowa hujikunyata, mafundo yakakaribiana. Ianikeni, mpime tena." Tukaianika juani, tukala mandazi tukingoja, tukapima tena. Somo hilo sijalisahau hadi leo.

Juzi nilimshika binti yangu mkono tukaenda kwa mwalimu mkuu. Palipokuwa na uwanja pamesimama ukuta wa mawe, na nyuma yake ghorofa za bwana mmoja ambaye hakuna anayethubutu kumtaja.

"Mama, tulia," mwalimu mkuu aliniambia. "Ile ardhi ilikuwa imekaa tu."

Imekaa tu! Watoto walikuwa wakikimbia humo kila siku ya Mungu, yeye anasema imekaa tu! Nilimpa maneno ambayo sitayarudia hapa kwa heshima yako. Na lile kosa je? Akasema kitabu kinataka nambari. Wanafunzi wenzake wameandika nambari yoyote wakapata tiki. Yaani mwizi anajenga, mwongo anapewa tiki, na mtoto wangu aliyesema kweli ndiye wa kusahihishwa. Shenzi kabisa.

Jioni hiyo binti yangu akifanya kazi ya kesho, aliniuliza, "Mama, eka moja ni kubwa kama nini?"

Nikainuka mbio kwenda dirishani nimwonyeshe. Nikaona mabati, kuta, nyaya, vibanda, magari yaliyoegeshwa hadi mlangoni pa watu. Nilitafuta mahali popote peupe pa ukubwa huo, toka relini hadi barabarani. Hapakuwa na hata nusu yake. Mtoto ameshika kalamu, ananingoja.

"Andika tu lile jibu la kitabuni, mwanangu," nikamwambia, na sauti iliyonitoka ilikuwa ya mwalimu mkuu.