Mama Pini na Safari ya Kusindikizana

Fundi cherehani huyu alikuwa na jina alilopewa alipozaliwa, lakini lilikuwa limekaa miaka mingi bila kazi. Watu wote walimwita Mama Pini, kwa sababu kola ya gauni lake ndiyo iliyokuwa ghala la pini zake. Akimpima mteja, mkono mmoja hushika kitambaa na mwingine hupanda shingoni kuchomoa pini bila yeye kutazama. Pini zote zilikuwa na vichwa vyeupe isipokuwa moja nyekundu, ya kuwekea alama ya kiuno. Waliomkumbatia kwa pupa walijuta, na watoto wa mtaani walifundishwa mapema kumwamkia kwa mbali.

Aliishi na mdogo wake, ambaye aliitwa Kadogo tangu akiwa mchanga, jina likamganda hata alipofikia kimo cha kuinama milangoni. Wote wawili walikuwa wajane, kila mmoja na chumba chake, cherehani ikiwa katikati. Na wote wawili walikuwa na ugonjwa mmoja usio na dawa, nao ni kusindikizana. Kadogo akienda sokoni, Mama Pini humtoa mpaka kona ya dukani. Wakifika konani hadithi haijaisha, basi Kadogo humrudisha dada yake mpaka nyumbani ili aimalizie. Wakifika nyumbani, Mama Pini huona si adabu kumwacha mdogo wake aondoke hivi hivi. Si mara moja soko lilifungwa wao wakiwa bado barabarani, wakalala kwa chai kavu huku wakicheka.

Sasa watu wa namna hiyo ndio waliokwenda uwanja wa ndege.

Mwana wa Mama Pini alikuwa ng'ambo, amepata mtoto, na mkewe alikuwa anarudi kazini Jumatatu. Mama Pini alikuwa ameahidi kwa kinywa chake mwenyewe kwenda kumlea mjukuu mwaka mzima. Ndege ikimwacha, mtoto hana wa kumshika na mwanawe hana uso mbele ya mkewe. Hayo Mama Pini aliyajua vizuri. Lakini ukweli lazima usemwe: tangu asubuhi alikuwa anaiombea ndege ipate pancha.

Mambo yalianzia kaunta.

"Mama, mzigo wa mkononi haupaswi kuzidi kilo saba," binti wa kaunta alisema. "Huu wako umezidi."

"Umesema wa mkononi?"

"Ndiyo, mama."

Mama Pini akasokota kitambaa, akakifanya kata, akaupandisha mfuko kichwani. Akanyoosha mikono yote miwili. "Mikono hii hapa, mitupu. Huu ni wa kichwani."

Binti wa kaunta alijificha nyuma ya kompyuta yake akacheka mpaka mabega yakamtetemeka, ila mfuko haukupita. Ikabidi itolewe pasi ya mkaa, ambayo Mama Pini aliifunga kwa siri kwa sababu hakuamini kwamba huko ng'ambo kuna mtu anayejua kunyoosha nguo. Kadogo akaipokea, akaikumbatia.

Hapo spika ya ukutani ikasema, "Abiria mnaombwa msiache mizigo yenu bila uangalizi."

"Hatujaiacha!" Kadogo akajibu kwa sauti na kwa heshima zote. Kila spika iliposema, naye alijibu. Alilelewa kuitikia anapoitwa.

Wakafika kwenye mlango ambao msindikizaji haruhusiwi kuuvuka. Wakaagana vizuri, haraka, kama watu wenye akili zao, na Mama Pini akaingia. Alivua viatu, akapita kwenye fremu ya ukaguzi, nayo ikalia kwa uchungu.

"Mama, una chuma mwilini?" aliuliza askari wa mashine, kijana aliyeonekana bado mgeni kazini, na mgeni kazini hana mchezo.

"Nina pini tu, mwanangu."

"Pini ngapi?"

"Pini hazihesabiwi. Zinatumiwa."

"Haziruhusiwi kwenye ndege."

"Kwani ndege yenu ni puto?"

Watu kwenye foleni waliangua kicheko. Askari hakucheka. Alimsogezea sahani ya plastiki, na Mama Pini akaanza kuchomoa: kwenye kola, kwenye mikono ya gauni, kwenye pindo, mpaka foleni nzima ikawa inamtazama kama mtu anayejinyonyoa.

"Zitupe hapa, au kampe aliyekusindikiza," askari akasema.

Neno hilo hakupaswa kulitamka mbele ya Mama Pini.

Alitoka mbio. Kadogo alikuwa bado amesimama palepale na pasi yake. Akazipokea pini, akazifunga kwenye leso, ile nyekundu juu kabisa. Kazi ilikuwa imekwisha, lakini Mama Pini alimtazama mdogo wake akaona si vizuri. "Kituo cha basi utakijua wewe? Njoo nikuoneshe." Akamsindikiza mpaka kituoni. Njiani walianza hadithi ya bwana harusi aliyepasukiwa suruali mbele ya wakwe, na walipofika suruali ilikuwa ndiyo kwanza inaanza kuachia. Kadogo akamrudisha dada yake mpaka mlangoni ili suruali ipasuke. Wakacheka, wakakumbatiana, wakaagana tena.

Mama Pini akavua viatu. Fremu ikalia.

Ilikuwa pini nyekundu, imejichomeka ndani ya pindo la mkono.

"Mama! Nilidhani tumemaliza!"

"Hata mimi nilidhani," Mama Pini akasema, akashangaa kwa ufundi mkubwa. "Ngoja nikampe aliyenisindikiza."

Safari hii Kadogo hakuitia pini lesoni. Aliishika kwa vidole viwili, akaitazama, akafungua leso, akaitazama na yenyewe.

"Dada, hii ulikwisha kunipa."

"Nimesahau."

"Ilikuwa juu ya zote. Nimeiona kwa macho yangu."

"Basi imeruka."

"Imeruka kutoka lesoni, ikapita watu wote hawa, ikajichomeka mkononi mwako?"

Mama Pini alitazama viatu vyake, ambavyo kwa haraka alikuwa amevivaa kushoto kulia. Aliichopoa pale walipokumbatiana, na ni kazi gani kwa vidole vyake kuchopoa pini bila kutazama? "Mdogo wangu," akasema, "mimi siwezi. Sijawahi kwenda mahali ambapo hunirudishi."

 Maneno ambayo Kadogo alitaka kuyasema yalikuwa mafupi: twende zetu nyumbani. Alikuwa na sababu za kutosha, kwani cherehani ilikuwa na nguo za watu, na nyumba ya vyumba viwili ni kubwa mno kwa mtu mmoja. Lakini akamkumbuka yule mtoto wa ng'ambo, ambaye hakuomba kuzaliwa katika ukoo wa watu wasiojua kuagana.

"Basi langu lile linaondoka," akasema.

Hakukuwa na basi lolote. Ila aliifunga pini nyekundu lesoni, akaitia leso kifuani, akaikwapua pasi, akaondoka na urefu wake wote bila kugeuza shingo. Mama Pini alimtazama mpaka alipopotea katikati ya watu, akabaki hana wa kumsindikiza. Spika ikawaita abiria wa ndege yake kwa mara ya mwisho.

Fremu haikulia.

"Leo imenyamaza!" askari alisema, na hatimaye akacheka.

"Imechoka, mwanangu. Hata mimi."

Kwa bwana wa pasipoti aliulizwa anasafiri na nani. "Peke yangu," akajibu, na kwa kuwa neno hilo lilimchoma kuliko pini zake zote, akaongeza, "labda na wewe, kama umejiandaa." Akagongewa mhuri, akakimbia, akaingia ndegeni wa mwisho, akaketi, na kabla hajafunga mkanda akapiga simu.

"Kadogo, uko wapi?"

"Nimeshuka kwenye basi, dada. Naelekea nyumbani."

"Mara hii? Haya, pita kulia, kushoto kuna lile shimo."

"Nimelipita."

"Umefika konani?"

"Ndiyo niko konani. Hapa ndipo unapogeukia."

"Leo sigeuki hapo. Twende mpaka mlangoni."

Mhudumu wa ndege aliinama. "Mama, naomba uzime simu. Tunaondoka."

"Subiri kidogo mwanangu, namfikisha mdogo wangu nyumbani."

Mhudumu akaanza kumrekebishia abiria wa jirani mkanda ambao haukuwa na tatizo lolote.

"Nimefika, dada," Kadogo akasema. "Nimefungua mlango. Naona cherehani yako. Zima simu sasa."

Na hapo, ndani ya simu, sauti ikasikika wazi kabisa: "Abiria mnaombwa msiache mizigo yenu bila uangalizi."

Safari hii Kadogo hakuitikia. 

"Nini hiyo?" Mama Pini akauliza.

"Redio ya jirani."

Mama Pini alitazama nje ya dirisha dogo. Ng'ambo ya lami lilisimama lile jengo la vioo walimoingia wote asubuhi, na nyuma ya vioo watu walionekana wadogo wote, hata yule wa kuinama milangoni.

"Mwambie jirani apunguze sauti," akasema. "Na ufunge komeo."

"Nimefunga."

"Haya, mdogo wangu. Mimi nageukia hapa."

"Geuka, dada."

Akazima simu.