Leo nimetunza redio saluni

Leo nimetunza redio, na sijutii.

Niko saluni Thornton Heath, huku ughaibuni, nusu ya kichwa imesukwa, nusu timtim. Akaingia mke mpya wa aliyekuwa mume wangu.



Redioni unapigwa ule wimbo wa kantri ulioshika namba moja, dada analia na gitaa lake kwa kuachwa. Msusi wangu, Bi Rukia, akanionea huruma, akanyoosha mkono azime.

"Usizime. Ongeza sauti."

Nikainuka na kichwa changu hivyo hivyo, nikaenda kwa madaha kama niko kwenye taarabu, nikaweka noti juu ya redio huku namtazama bibie usoni.

Binti wa Bi Rukia, mzaliwa wa hapa hapa, akaninong'oneza kwa Kiingereza chake: huyo dada wa redioni anamwomba mumewe arudi.

(Wanaimba puani wale, mimi nilikuwa naambulia kilio tu.)

Kumbe nimetunza maombi ya kurudiwa.

Bibie kasikia, kaanza kutabasamu. Saluni nzima inanitazama. Semeni nyinyi, mngefanyaje?

Mimi nilirudi kitini nikakaa.

"Nimetunza gitaa," nikasema. "Maneno nimemwachia bibie, yatamfaa."