Vipande Vinne vya Jonas

Margareta wa Kinyerezi hajawahi kunong'ona maishani mwake, na Jumatano hiyo asubuhi alikuwa na la kumwambia kila aliyepita. Muuza maandazi aliambiwa. Mama wa genge aliambiwa mara mbili. "Jonas anaenda shule leo, na leo ataweza, nyie subirini." Chai hajanywa, kitenge kimekaa upande, na kwa furaha aliyokuwa nayo mihogo aliitia chumvi, akaisahau, akaitia tena.

Jonas ni mtoto wa Recho, mdogo wake Margareta. Ana miaka sita, hasemi, hakutazami usoni, na ana miezi mitatu tangu aletwe kutoka Masasi. Baba yake alishachoka. Wiki hiyo alipiga simu: shule ya Dar ikimkataa, Jumamosi anakuja kumchukua, ameshaongea na mganga wa kumtoa hicho kitu. Shule yenye kitengo cha watoto wenye mahitaji maalumu ilikuwa imempa Jonas asubuhi mbili za majaribio. Ya kwanza iliharibika vibaya Jumatano iliyotangulia. Iliyobaki ni hii ya leo.

Na aliyeiharibu ile ya kwanza ni Margareta mwenyewe. Msimwonee huruma, alijitakia.

Binti yake Loveness, wa miaka kumi na minne, ana hali ya Down. Margareta amemlea kwa vita: kliniki ya moyo, mazoezi ya kutamka, majirani waliokuwa wakivuta watoto wao pembeni. Sasa Loveness anaimba kwaya kigangoni, na anamkumbatia padri na muuza samaki sawasawa. Basi mtaani Margareta ndiye daktari. Mtoto akichelewa kutembea, apelekwe kwa Mama Loveness, naye atatoa ushauri kabla hajaulizwa. Recho alipomleta Jonas, Margareta alimtupia jicho moja tu. "Niachie mie. Hawa nimeshawalea." Fomu ya shule akaijaza mwenyewe: hali ya Down, kama dada yake. Palipoulizwa mtoto anapenda nini akaandika: kukumbatiwa, nyimbo, makofi, watu wengi.

Darasa likampokea Jonas kwa wimbo na makofi, na Mwalimu Hamisa akamkumbatia, kama fomu ilivyosema. Mtoto aliziba masikio, akapiga mayowe, akamng'ata mwalimu mkono, akajificha chini ya meza mpaka saa nne. Margareta alisimama mlangoni, aibu inampanda kutoka miguuni.

Mwalimu Hamisa, mkono una bandeji, alimketisha kwenye benchi.

"Mama Loveness, nani amekwambia huyu ana Down?"

"Hakuna. Si nimelea?"

"Umelea mmoja, na umemlea vizuri. Huyu ni mwingine."

Akamweleza taratibu. Loveness alizaliwa na kromosomu moja ya ziada. Wakunga walimshuku siku ileile kwa sura yake, na kipimo cha damu kikathibitisha. Jonas huenda ana usonji, na usonji hauonekani usoni, wala hakuna kipimo cha damu cha kuuonyesha. Unajulikana kwa kumwangalia mtoto anavyocheza, anavyowasiliana, anavyopokea sauti na mguso. "Wapo wachache wenye vyote viwili. Na wenye usonji nao hawafanani, wengine kukumbatiwa wanapenda. Mpeleke kwa daktari wa watoto, yeye ndiye wa kusema. Ila nilivyomwona huyu wetu, kelele zinamuumiza, na kinachomtisha zaidi ni kutojua kinachofuata."

Daktari alimwangalia Jonas Ijumaa, saa nzima, akasema ndiyo, ni usonji. Margareta alirudi nyumbani kimya, na kimya hicho kilimshtua mumewe kuliko habari yenyewe. Marselino ni mchonga vinyago wa Mwenge. Alisikiliza yote huku akipiga msasa kibanzi cha mbao.

"Mke wangu, mpingo na mninga vyote ni miti. Lakini nikiuchonga mpingo nilivyozoea kuchonga mninga, patasi inavunjika, na kosa si la mpingo."

Margareta alimwambia falsafa za kibandani azibakishe kibandani, ila alicheka, na alikuwa hajacheka tangu Jumatano.

Jonas alikuwa na mchezo mmoja tu: kuvichukua vibanzi vilivyopigwa msasa na kuvipanga kizingitini. Marselino akachonga vipande vinne vya kuenea kiganjani: bakuli, kiatu, dawati na nyumba. Kabla ya uji, Jonas anapewa bakuli. Kabla ya kutoka, kiatu. Alasiri, wanafunzi wakishaondoka, Margareta alimpeleka shuleni akamwekea kipande cha dawati juu ya dawati lenyewe. Wakimaliza, anampa nyumba, wanarudi. Jumatatu Jonas alikwenda mwenyewe kuchukua kiatu, akasimama mlangoni akisubiri. Margareta alitoka mbio na mwiko mkononi kumpasha mama wa genge. Loveness, aliyekatazwa kukumbatia, alinuna siku nzima, kisha akabuni salamu yake, akanyoosha ngumi: "Gota, mdogo wangu." Jonas alimgusa ngumi kwa kidole kimoja.

Kwa hiyo Jumatano hiyo hakukuwa na wimbo. Dawati liliwekwa karibu na dirisha, na Loveness, ambaye anasoma kitengo hichohicho, aliwatangazia wenzake, "Msimshike, hapendi. Anayetaka kukumbatia anikumbatie mie." Jonas aliweka kipande chake juu ya dawati, akaanza kupanga vizibo vya chupa. Saa nne kengele ililia. Akaziba masikio. Nje ya dirisha Margareta aliuma ncha ya kitenge, macho hayabanduki. Kengele ikanyamaza. Jonas akashusha mikono, akakigusa kipande cha dawati, akaendelea na vizibo vyake.

Saa sita Margareta aliingia, akamwekea kile kipande cha nyumba kiganjani. Jonas alikitazama. Akakirudisha kwenye mkoba wa mama yake mkubwa, kisha akachukua kile cha dawati, akakisukuma kwenye kiganja cha Margareta na kuvifunga vidole vyake juu yake.

Mwalimu Hamisa alifungua droo akatoa fomu mpya, ya kumwandikisha.

Margareta akashika simu palepale darasani, kwa sababu Jonas alikuwa bado ameushikilia mkono wake mwingine.

"Recho," akasema, kwa sauti ambayo hata mume wake hajawahi kuisikia. "Mwambie shemeji Jumamosi asije."

"Dada, mbona unanong'ona? Kuna msiba?"

"Hapana. Mwanao anasoma."