Komeo Upande Wangu

Zamani mtu akipiga kelele za mwizi, milango ya mtaa mzima ilifunguliwa. Siku hizi akipiga kelele hizo hizo milango hufungwa, na mimi ndiye niliyewauzia watu makufuli ya kuifungia.

Nimekuwa fundi wa makufuli na vitasa kwa miaka arobaini na kitu. Kusoma nilijifunza mwenyewe, kwa magazeti yaliyofungiwa misumari, na kazi nilijifunza kwa kuvunja na kuunga. Nilipoanza, kufuli lilikuwa kitu cha kasha la nguo za harusi. Mlango wa nyumba ulisindikwa tu, ukaegemezwa kigoda ili kuku wasiingie. Aliyefunga mlango wake mchana aliulizwa kama ana mgonjwa. Leo mtu ananunua makufuli matatu kwa mlango mmoja, anaweka na nondo madirishani, kisha anaketi ndani kama mfungwa aliyejihukumu mwenyewe. Na wakati fulani, nakiri, niliufurahia woga huo, kwa sababu ulinijengea nyumba.

Lakini hizi si habari zangu. Ni habari za jirani yangu wa duka, mshonaji, ambaye mtaa mzima ulimwita Mama Vifungo. Nikiziandika kwa haki, sina budi kujitaja mahali nisipopenda.

Alikuja akiwa mjane kijana, mtoto wa kike mgongoni na cherehani ya mkono kichwani. Mwenye nyumba alikuwa amelikata duka moja kubwa vipande viwili kwa ukuta wa mbao. Nusu nilikuwa nayo mimi, nusu akapewa yeye. Katikati ya ukuta palibaki mlango mdogo usio na kitasa wala komeo. Siku ya kwanza aliusukuma, akachungulia, akaniuliza, "Kaka, huu mlango ni wa nani?"

"Ni wa wote, dada."

"Basi usishtuke ukiona kichwa changu," akasema, na hakuwahi kugonga kwa zaidi ya miaka thelathini.

Alishona sare za shule kuliko mshonaji yeyote ninayemjua. Hakujua namba. Futi ya fundi aliivaa shingoni kama mkufu, ili wateja wamwamini, lakini vipimo alivichukua kwa uzi na mafundo. Fundo la kwanza bega, la pili kifua, la tatu kiuno, la nne urefu. Kila mteja alikuwa na uzi wake, umefungwa kipande cha kitambaa chake, umetundikwa kwenye msumari ukutani. Nilijaribu kumfundisha namba, mimi niliyejifundisha. Akacheka mpaka akaweka mkasi chini. "Wewe unakumbuka namba," akasema, "mimi nakumbuka watu."

Na kweli aliwakumbuka. Muuza nyama wa upande wa pili wa barabara alikuja siku moja kuagiza suruali.

"Dada, kiuno ni kile kile cha mwaka jana."

"Cha mwaka jana kipo hapa msumarini," akamwonyesha uzi. "Hicho ulichokuja nacho leo ni cha watu wawili. Nani mwenzio?"

Tulicheka mpaka wapita njia wakasimama.

Saa kumi jioni alisukuma mlango mdogo kwa kiwiko, vikombe viwili vya chai mikononi, tukakaa kwenye benchi langu kusema watu. Mke wangu alijua, na hakuona ubaya. Alipokuwa hai alikuwa akimtuma huyo huyo Mama Vifungo aje aniambie nirudi mapema. Hivyo ndivyo watu walivyoishi. Leo ukinywa chai na jirani mwanamke, kabla hujamaliza kikombe picha yako iko kwenye simu za watu.

Halafu mambo yakaharibika. Kwanza waliibiwa watu wa mtaa wa mbali, tukasema wale nao ni watu wa anasa. Kisha duka la dawa, mitaa miwili kutoka kwetu, likavamiwa mchana kweupe na vijana wenye bastola. Muuza dawa alipigwa mpaka akapoteza jicho. Wiki hiyo niliuza makufuli yote niliyokuwa nayo.

Mimi niliweka kipande cha nondo chini ya benchi, na nikaanza kusema. Kila mteja nilimwonyesha. "Waje," nilisema. "Nikimgusa mmoja tu, wenzake watahama nchi."

Mama Vifungo alikuwa akisikia kupitia mbao. "Debe tupu haliachi kuvuma!" akapaza sauti. "Juzi paka ameangusha kopo, nani aliruka juu ya benchi?"

"Nilikuwa nachukua kitu, dada."

"Ulikuwa unachukua roho yako."

Muuza nyama alifurahi mno, na tangu siku hiyo akaniita Jemadari.

Jumapili moja, duka limefungwa, nilikwenda peke yangu nikatia komeo kwenye mlango mdogo. Nililitia upande wangu. Hesabu yangu ilikuwa hii: duka lake liko wazi, watoto na mama zao wanaingia na kutoka kutwa nzima, jambazi akiingia kwake, atapita mlango ule na kunikuta nimeinama kwenye jiliwa nikichonga ufunguo uliobanwa, mgongo wazi. Skrubu nne, kazi ya robo saa. Nikasema nitamwambia kesho.

Sikumwambia. Yeye hakuusukuma mlango ule ila saa kumi, na mimi kabla ya saa kumi nililivuta komeo taratibu, akaingia na chai yake. Akitoka, nalirudisha. Nilikuwa nimelitia mafuta lisilie. Fundi mwenzangu akisoma hapa ataelewa: mtu hutia komeo mafuta lisikwame, mimi nililitia mafuta lisisikike. Wiki mbili nilifanya hivyo, na kila siku nikinywa chai yake.

Walikuja Jumatano, saa tano asubuhi, wawili, kwa pikipiki. Nilisikia yote. Mbao zile zilikuwa nyembamba kiasi kwamba nilijua hata akichomwa na sindano.

"Mama, tulia hapo hapo. Simu na pesa."

"Chukueni, wanangu. Ziko kwenye kopo hilo. Msivunje cherehani tu."

Sauti yake ilikuwa ya kawaida kabisa. Nikasikia kopo likimwagwa mezani. Wangeondoka. Mpaka leo naamini wangeondoka, kama yeye angekuwa mtu mwingine, muuza mkaa au muuza mafuta ya taa. Lakini alikuwa mshonaji, na mshonaji haangalii uso.

"Wewe," akasema, "hilo bega la kushoto lililoshuka nalijua. Si wewe niliyekutilia sufi begani kwenye sare, ili wenzako wasikucheke?"

Hakusema kwa vitisho. Alisema kama mtu aliyekutana na mtoto wa jirani sokoni. Kisha yule wa pili akasema polepole, "Amekujua huyu."

Hapo ndipo Mama Vifungo alipoelewa alichokifanya. Nikasikia kiti kikianguka na miguu yake ikija mbio upande wangu. Alikuja kwenye mlango mdogo kwa uzito wake wote, kama mtu asiyetarajia kukutana na kitu. Mlango ukagoma. Akausukuma tena.

"Jirani," akasema. "Jirani, kuna kitu kimeziba. Fungua."

Nilikuwa nimesimama upande wa pili. Mkono wangu ulikuwa juu ya komeo. Sikuwa mbali, wala sikuwa sijasikia, wala mguu haukuniuma. Nondo yangu ilikuwa chini ya benchi, hatua mbili. Ilikuwa kiasi cha kuvuta kwa kidole kimoja tu.

Akapiga mlango kwa kiganja mara tatu. "Kaka!"

Sikuvuta.

Kilichofuata nilikisikia, na sitakiandika chote. Walimpiga kwa kitako cha bastola, na alipojikinga kwa mkono wa kulia waliupiga huo mkono. Kisha yule mwenye bega, nadhani ni yeye, akapiga kelele, "Basi! Basi, twende!" Na pikipiki ikawaka.

Hapo ndipo nilipopata ujasiri. Kwanza nilivuta komeo. Kisha nikachukua nyundo, nikatoka kwa mlango wa mbele nikasimama barabarani. Pikipiki ilikuwa inakata kona. Muuza nyama akatoka dukani kwake na kisu, akaniona mimi na nyundo yangu, akaiona na pikipiki inavyokimbia. Akajumlisha.

"Jemadari amewafukuza!" akapiga kelele. "Jamani, mzee amewafukuza!"

"Wamekimbia," nikasema.

Neno hilo lilikuwa kweli. Nikaliacha pale, sikuliongezea jingine.

Kufikia jioni nilikuwa nimepambana na majambazi wawili. Kufikia kesho yake walikuwa wanne. Nilipoingia kwa kinyozi watu walinyanyuka kunipisha. Mwezi uleule walinichagua mwenyekiti wa kamati ya ulinzi ya mtaa, nikakaa mbele kwenye kiti cha plastiki nikawafundisha watu ushirikiano. Nilisema jirani ndiye ukuta wa kwanza. Walinipigia makofi.

Lile komeo nililitoa siku ileile ya tukio, wakati yeye yuko hospitali. Matundu manne ya skrubu niliyaziba kwa nta na vumbi la mbao, nikapaka rangi juu. Hata mimi mwenyewe nikiangalia siyaoni.

Alipotoka hospitali askari walikuja kumhoji pale dukani kwake, nami nilikuwepo, nimesimama kama mwenyekiti.

"Uliwatambua?"

"Walifunika nyuso. Watu wakifunika nyuso wote ni sawa."

"Kwa nini hukukimbilia kwa jirani? Si kuna mlango hapa?"

Akaangalia mlango, hakuniangalia mimi. "Ulikwama," akasema. "Mbao hufura wakati wa mvua."

Mvua ilikuwa haijanyesha miezi mitatu. Askari akaandika. Nilirudi kwangu nikakaa kwenye benchi, na ilinichukua siku nzima kufahamu kilichonichoma. Mwanamke yule alikuwa amesitiri watu wawili kwa pumzi moja, yule kijana na mimi. Alitupima akatukuta saizi moja.

Mkono haukupona sawa. Mifupa iliungana vibaya, na vidole vikabaki vimejikunja kama vimeshika kitu. Mkasi haukukaa tena. Alijaribu kwa kushoto, akakata vitambaa vya watu vibaya, akavilipa. Chai ya saa kumi ilikoma. Hatukugombana. Asubuhi alinisalimia, "Umeamkaje, jirani," nami nikaitikia. Kaka hakuniita tena. Mlango mdogo ulibaki wazi, bila komeo, na hakuna aliyeupita.

Niliapa kila wiki kwamba nitamwambia. Mwenyekiti wa ulinzi, nimesoma mpaka magazeti ya kiserikali, nikashindwa na sentensi moja.

Miezi saba ikapita, binti yake akaja na gari dogo la mizigo kumchukua akakae naye. Yule mtoto wa mgongoni sasa alikuwa mwalimu, mwenye miwani. Watu wa mtaa wakaja kubeba. Muuza nyama alijitwika meza peke yake. Nikaingia kwa mlango wa mbele, kama mteja, nikamkuta peke yake ndani, anakusanya nyuzi zake za vipimo kutoka ukutani kwa mkono wa kushoto.

"Dada," nikasema, "siku ile mlango haukukwama."

Aliendelea kukusanya. "Najua. Nilikusikia ukipumua."

Nilikuwa nimetayarisha maneno mengi.

"Nilikuwa na komeo," nikasema. "Nililitia mimi. Niliogopa. Nataka unisamehe."

"Kuogopa hata mimi niliogopa." Akauondoa uzi mwingine, akauangalia, akauweka mfukoni. "Ila usiniambie mimi. Mimi nilikuwepo. Kawaambie wasiokuwepo."

"Leo?"

"Wamejaa hapo nje," akasema. "Utawapata wapi tena wote pamoja?"

Nikatoka nyuma yake. Kweli walikuwa wote: kinyozi, muuza dawa wa jicho moja, wanakamati wangu, mama wa watoto aliowashonea, na watoto wenyewe ndani ya sare zake. Binti alimshika mama yake mkono apande, lakini muuza nyama akawazuia, akipangusa jasho.

"Ngojeni kwanza. Dada, huwezi kuondoka hivi hivi. Huyu hapa Jemadari. Kama si huyu mzee, leo tungekuwa tunakusindikiza makaburini. Jemadari, sema neno, bwana! Leo umekuwaje, umemeza kufuli?"

Watu wakacheka. Kisha wakanigeukia wanisikilize.

Mama Vifungo alisimama na mguu mmoja kwenye kipandio cha gari, amenigeuzia uso, ananingoja. Macho yake hayakuwa na hasira. Alinitazama kama alivyowatazama wateja siku zote kabla ya kuchukua uzi. Nilifungua mdomo. Nilimwona kinyozi, nikawaona wanakamati, nikakiona kile kiti cha plastiki.

"Nenda salama, dada," nikasema. "Jirani ni jirani."

Akakaa kidogo, kama mtu anayetaka kuhakikisha kwamba hakuna kingine kinachokuja. Kisha akanyoosha mkono wa kushoto, akaniambia kwa sauti ya kusikika na wote, "Ahsante, jirani."

Niliupokea ule mkono. Watu wakapiga makofi, muuza nyama akanipiga begani, na gari likawashwa. Sikuona kama aligeuka kutazama nyuma, kwa kuwa nilikuwa nimeinamisha kichwa.