Mkaguzi wa Kiwele cha Bihogo

Apolline Nabintu ana tabia inayowachosha wageni wa nyumba ya wazee anayoitumikia huko Rubondo, katika makazi ya wakimbizi ya Nakivale, kusini-magharibi mwa Uganda. Huuliza. Kabla ya kumvua mzee shati humwuliza. Kabla ya kumgeuza kitandani humwuliza, na akijibiwa hapana husubiri, beseni la maji likipoa mikononi, kisha huuliza tena. Mgeni mmoja alisema kumwogesha mtu pale ni sawa na kuitisha kikao cha kijiji. Hakukosea sana.

Hakuzaliwa na tabia hiyo. Aliipata mwaka 2012 kwa mzee mmoja wa kilo arobaini na moja.

Apolline ni Mfuliiru, mtoto wa wakulima wa mihogo wa karibu na Luvungi, Kivu Kusini, Kongo. Alifika Nakivale mwaka 2005 na watoto wanne, wa kwanza akiwa Pacifique, ndiyo maana jirani zake wote humwita Mama Pacifique. Aliuza unga wa mihogo. Kikongwe wa nyumba ya pili alipolemaa, Apolline alimwogesha na kumlisha miezi saba kwa sababu hakukuwa na mtu mwingine. Kanisa dogo la pale lilipojenga nyumba ya vyumba vitano kwa wazee wasio na jamaa, mchungaji hakutafuta mbali. Walimpeleka mjini Mbarara kwa mafunzo ya wiki mbili. Akarudi na daftari lenye mambo matatu: mwili wa mzee, usalama wake, na moyo wake. Kuhusu mwili aliandika kurasa kumi na tisa. Kuhusu moyo aliandika nusu ukurasa, na nusu ya hiyo nusu ilikuwa namba za simu.

Wazee walikuwa wanne. Tunaohitaji kuwajua ni wawili. Yudita alikuwa mjane wa Kinyamulenge, jamii ya wafugaji, macho yamefifia lakini ulimi mzima kabisa. Sebagabo alikuwa mchungaji wa ng'ombe kutoka milima ya Minembwe. Mkewe alifariki, watoto wake walikuwa wamehamishiwa Amerika, na mali yake yote ilikuwa koti, kofia na fimbo ya kuchungia. Ng'ombe hakuwa nao hata mmoja.

Ugali wa mahindi ya msaada alikuwa akiutazama, akiugusa kwa kidole, kisha anauliza kwa upole ni chakula cha kuku wa nani. Chakula alichokitambua kilikuwa maziwa. Taabu ni kwamba maziwa mabichi yalikuwa yameshamwangusha. Mwaka 2010 yalimpa homa iliyomlaza hospitali ya Mbarara wiki sita. Katika wodi ile kila mgonjwa alikuja na mtu wake wa kumpikia na kumfulia. Sebagabo hakuwa na mtu. Alikula kwa huruma ya vitanda vya jirani, na kwa wiki sita hakusikia ng'ombe hata mmoja akilia.

Mwezi wa sita mwaka 2012 muuguzi wa zahanati, binti wa Kinyankole aitwaye Kyarisiima, alimpandisha kwenye mizani.

"Sebo, kilo arobaini na moja. Hiyo kidogo sana," alisema kwa Kiswahili chake cha barabarani; sebo kwao ni bwana. "Mimi narudi kisha wiki nne. Kama haifiki arobaini na tatu, tunapeleka wewe Mbarara, unalala huko. Maziwa kunywa, lakini lazima ichemke."

Sebagabo alimjibu kwa heshima, kisha akamgeukia Apolline. "Mama Pacifique, nikirudi kule, musininunulie tiketi ya kurudia."

Ndivyo hesabu ilivyoanza: kilo mbili, wiki nne.

Kesho yake Apolline alinunua maziwa kwa jirani, Nkusi, aliyekuwa na ng'ombe mmoja mwekundu aitwaye Bihogo. Akaosha sufuria, akabandika jikoni palipo wazi uani, mbele ya wazee waliokuwa wakiota jua. Sufuria ilikuwa ya maharagwe. Maziwa yalipoumuka alikuwa anamfunga Yudita kilemba, na yakamwagikia moto kwa sauti iliyosikika ua mzima.

Mtoto wa wafugaji asingefanya hivyo hata akiwa usingizini. Kwa watu wa Sebagabo, kuchemsha maziwa ni kumtesa ng'ombe aliyeyatoa, kiwele hupasuka na kukauka. Kuyachemshia kwenye chombo cha maharagwe ni kuongeza tusi. Kuyamwaga motoni hakuna hata jina. Apolline alikuwa amefanya yote matatu kwa dakika sita.

"Ile unapika ni nini?" Sebagabo aliuliza, ingawa alikuwa ameona.

"Maziwa yako, muzee."

"Mu sufuria ya maharagi?"

"Niliisafisha muzuri sana."

"Ngombe ya batu inakukosea nini weye?"

Alinyanyuka, akaingia chumbani, akafunga mlango. Yudita alicheka mpaka kilemba kikafunguka tena. "Aka! Binti ya mihogo! Ungemuchinja tu huyo Bihogo, tungepata nyama."

Apolline aliona aibu, na aibu ikamtia kwenye kosa la pili. Siku ya tatu aliazima kwa Nkusi chombo cha mti cha kukamulia, akamimina humo maziwa yaliyokwisha kuchemka na kupoa, akayapeleka kana kwamba yametoka kwa ng'ombe sasa hivi. Sebagabo alikiinua chombo mpaka puani. Hakufika mdomoni.

"Huyu ngombe anavuta tumbaku?"

Tangu hapo hakupokea kitu chochote kutoka mkononi mwake. Si chai, si dawa, si hata maji ya kunawa. Mwisho wa wiki ya kwanza mizani ya nyumba ile ilisema arobaini na nusu. Apolline, ambaye daftari lake lilikuwa na ukurasa mzima juu ya upungufu wa maji mwilini, alikaa kwenye ngazi akilia kwa hasira. Yudita alimsikia.

"Unamuambiaka nini kila siku?" aliuliza.

"Namuambia akikunywa mabichi atagonjwa. Atakufa."

"Sasa yeye anaogopa kufa? Muangalie. Wewe unamubembeleza juu ya mwili yake, na yeye hana habari na hiyo mwili. Uliisha kumuuliza anaogopa nini?"

Hakuwa amemwuliza. Aligonga mlango, akasubiri aitikiwe, akaketi chini kwenye mkeka, chini kuliko kitanda. Akaomba radhi kwa ajili ya chombo cha Nkusi, kwa maneno machache, bila kujitetea. Kisha akauliza.

Sebagabo alijibu kama mtu aliyengoja swali hilo kwa muda. Ng'ombe wa Nkusi ni mmoja tu. Watoto wa Nkusi ni saba. Yeye mzee ana siku chache, anywe asinywe. Je, akubali kiwele cha Bihogo kikauke, watoto saba walale njaa, ili yeye aongeze kilo mbili?

Kwa siku saba Apolline alikuwa akimwona mzee mkaidi. Hakuwa amegundua kwamba mzee alikuwa akilinda watu.

"Muzee," alisema, "mi sijue ngombe. Weye ndiye unajua. Kama kila asubui ungeenda kwa Nkusi kuangalia Bihogo, ukaona kiwele yake inabadilika, utaniambia, na mi nitaacha kuchemsha siku ile ile. Ikiwa hapana badilika, utakunywa."

"Na sufuria?"

"Nitanunua ingine."

"Ya maziwa tu."

"Ya maziwa tu."

"Na hapana kumwanga ku moto."

"Nitasimama hapo kama polisi."

Apolline alikwenda sokoni Rwekubo akarudi na sufuria mpya yenye kifuniko. Kila asubuhi alisimama juu yake bila kupepesa, na Yudita, asiyeona hata moto wenyewe, akimpigia kelele kwamba yanapanda. Sebagabo naye alivaa koti na kofia na kwenda kwa Nkusi, mita mia mbili na arobaini, yeye ambaye mwezi mzima hakuvuka ua. Alipapasa kiwele, akanusa pumzi ya Bihogo, akamuuliza Nkusi maswali ambayo hata mganga wa mifugo angeyaona marefu. Kisha alirudi, akatoa taarifa uani, na kunywa vikombe viwili huku amekunja uso. Kwa kuwa ametembea, alikuwa na njaa. Siku ya nne ya ukaguzi aliula ugali bila kuuliza ni wa kuku wa nani.

Siku ya kumi na mbili ya ukaguzi Nkusi mwenyewe alikuja, kofia mkononi. Bihogo, aliyezoea kutoa lita tano asubuhi, alikuwa ametoa tatu.

Sebagabo alikifudikiza kikombe chake juu ya meza. "Nilisema."

"Ulisema," Apolline alikubali, na akaiondoa sufuria motoni kama walivyoahidiana. Siku hiyo mzee hakunywa. Kesho yake hakunywa. Ilibaki wiki moja na siku mbili. Mtu mwingine angechukua tena chombo cha mti. Apolline alikwenda mlangoni na kugonga.

"Baba, nimeacha kuchemsha siku mbili. Maziwa imerudi?"

"Hapana."

"Basi mukaguzi anasema nini?"

Sebagabo alimkazia macho. Kisha akachukua kofia.

Kwa Nkusi hakwenda kwa Bihogo. Alikwenda kwa ndama, aliyefungwa upande wa pili wa uzio akingoja zamu yake. Akamtazama kwa muda mrefu, ameegemea fimbo. Apolline na Nkusi walisimama nyuma kama watu wanaongoja hukumu.

"Huyu mutoto analia?" Sebagabo aliuliza.

"Hapana, muzee. Ametulia," alisema Nkusi.

"Asubui, mbele ya kunyonya, ametulia. Njo vile?"

"Alilala muzuri."

"Tumbo yake iko kama ngoma. Na povu ku mudomo, ni ya kupiga mswaki?" Alisogeza fimbo kwenye uzio. Baina ya nguzo mbili palikuwa na nafasi ambayo ndama angepita bila kuinamisha kichwa. "Muti ya hapa ilienda fasi gani?"

Nkusi alitazama jiko la mkewe. Mkewe alitazama mlima. Mti ulikuwa umeshapika maharagwe tangu Jumatatu.

"Mwizi tumemupata," Sebagabo alitangaza. "Eko na miguu nne." Akarudi nyumbani kwa mwendo wa haraka kuliko aliokwenda nao, akaketi, akakigeuza kikombe. "Chemusha, mama."

Kyarisiima alirudi siku aliyosema. Sebagabo alimkabidhi Yudita fimbo, akapanda mizani, akaacha kupumua. Mshale ulitetemeka na kuipita kidogo alama ya arobaini na tatu.

"Pumua, sebo. Hewa haina kilo," alisema muuguzi. "Sawa. Mbarara hakuna. Wewe baki."

Yudita alipiga vigelegele. Sebagabo hakushuka. Alikuwa akimtazama Apolline, aliyeegemea ukuta, sketi imekazwa kiunoni kwa pini.

"Na huyu mama? Nani anamupimaka?"

"Mimi si mugonjwa, muzee."

"Naomba ruhusa nikupime," alisema Sebagabo. "Unakubali ao unakataa?"

Muuguzi alicheka. Sebagabo alishuka, Apolline akapanda. Tangu alipopimwa kwenye mafunzo ya Mbarara alikuwa amepungua kilo sita, nyingi kati yake, bila shaka, katika wiki zile nne zenyewe. Hakuna aliyekuwa ameona, naye akiwemo.

Sebagabo alimimina kikombe kutoka sufuria mpya, akamnyooshea kwa mikono miwili.

"Hapana, baba. Kwetu tunakula mihogo. Maziwa inanichafua roho."

"Unaogopa nini? Niambie," alisema mzee, akaketi chini kwenye mkeka kumsikiliza.